Mizani, utepe na mashine ya presha: kuwahi madhara ya mishipa ya damu baada ya kupandikizwa seli shina za mchangiaji

Mgonjwa aliyepewa seli shina za mtu mwingine huchungwa sana kwa mambo mawili: maambukizi, na seli za mchangiaji kumgeukia mwenyeji wao, yaani GVHD. Kuna la tatu ambalo huponyoka kwa sababu mara nyingi halianzi na homa. Nalo ni kuumia kwa utando laini uliotanda ndani ya mishipa midogo ya damu. Utando huo hupigwa na tibakemikali na mionzi ya maandalizi, ukaendelea kupigwa na dawa za kuzuia GVHD, na mara nyingine na virusi au GVHD yenyewe. Ukiumia ndani ya ini, vijishipa huziba na damu hushindwa kupenya: hiyo ndiyo VOD. Ukiumia kwenye figo, utumbo au mapafu, vidonge vidogo vya damu iliyoganda huziba njia na kuzikatakata seli nyekundu zinazopita: hiyo ni TMA. Na ukilegea tu, maji hutoka mishipani na kujaa mwilini.

Maelezo haya ni ya wauguzi, madaktari wa zamu na ndugu wanaouguza, pamoja na wale wanaorudi na mgonjwa kutoka India, au nyumbani kutoka Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Dozi zinazotajwa ni za kukusaidia kuelewa na kuuliza. Mwenye kuamua ni timu iliyopandikiza.

Namba za kuanzia

Kabla ya dozi ya kwanza ya kemo, andika kwenye ukurasa mmoja: uzito, mzunguko wa tumbo, ukubwa wa ini kwa ultrasaundi, bilirubini (rangi ya njano inayoshughulikiwa na ini), LDH (kimeng'enya kinachopanda seli zikivunjika), kreatinini (kipimo cha figo), uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo, na presha ya siku tatu. Bila ukurasa huo, wiki mbili baadaye mtabaki kubishana kama tumbo lilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mgonjwa wa selimundu anahitaji uangalifu zaidi hapa. Bilirubini yake huwa juu tangu awali kwa sababu seli zake nyekundu huvunjika kila siku, hivyo kipimo kimoja kilichovuka 2 mg/dL hakikwambii kitu. Kinachosema ni mwelekeo. Presha yake nayo huwa chini kuliko ya wenzake wa umri huo. Kijana aliyezoea 100/60 akisoma 128/82, mashine itaonyesha namba ambayo wengi wangeiita nzuri, kumbe kwake imeruka.

Uliza pia vitu vinavyolichosha ini mapema: madini ya chuma yaliyorundikana kwa kuongezewa damu mara nyingi, homa ya ini B au C, mionzi iliyowahi kupigwa ini, upandikizaji wa pili, na dawa za saratani ya damu gemtuzumabu ozogamisini na inotuzumabu ozogamisini. Mwenye mojawapo apimwe kwa jicho kali zaidi, hasa akiandaliwa kwa busalfani, mojawapo ya dawa za kemo. Vituo vingi humpa mgonjwa asidi ya ursodioksikoliki, miligramu 12 kwa kila kilo kwa siku, kuanzia kabla ya maandalizi hadi karibu siku ya 90 (siku huhesabiwa tangu seli zilipoingizwa mwilini, ndiyo siku sifuri). Mtoto wa kilo 20 hupata takriban miligramu 240 kwa siku. Ni dawa ya bei ya kawaida, na kuisahau ni uzembe usio na sababu.

Vipimo vya kila siku

1. Uzito, asubuhi na jioni. Tumia mizani ile ile ya kidijitali inayoonyesha hata tofauti ya gramu 100, kwenye sakafu ngumu, mgonjwa akiwa amekwisha kukojoa na amevaa nguo zile zile. Mirija ya dripu iinuliwe isining'inie, kwani mfuko ukimvuta mgonjwa hata kidogo namba inadanganya. Piga hesabu ya mipaka mapema na uiandike juu ya karatasi: kwa mtoto wa kilo 24, ongezeko la asilimia 2 ni kilo 24.5 na la asilimia 5 ni kilo 25.2.

2. Mzunguko wa tumbo, mara moja kwa siku. Mgonjwa alale chali. Weka alama mbili za kalamu kwenye ngozi, kulia na kushoto, usawa wa kitovu, ili kila zamu ipitishe utepe pale pale. Soma mwishoni mwa kutoa pumzi. Alama zikifutika kwa kuoga, zirudishwe siku hiyo hiyo. Zamu mbili zikipima sehemu mbili tofauti, sentimita 3 zitaonekana bila ugonjwa wowote.

3. Maji yanayoingia na kutoka. Watu huhesabu dripu kubwa wakasahau maji ya kuchanganyia dawa, platileti (chembe za kugandisha damu), na maji ya kusafishia mirija. Kwa mtoto mdogo hayo peke yake yanaweza kufika nusu lita kwa siku. Nepi ipimwe kavu kwanza, kisha ikiwa imelowa: gramu 1 ni mililita 1. Mtoto anayekojoa chini ya mililita 1 kwa kilo kwa saa, au mtu mzima chini ya nusu mililita, aripotiwe.

4. Presha, kila saa 4 hadi 6 wodini na mara mbili kwa siku nyumbani. Apumzike dakika 5, mkono uwe usawa wa moyo. Mfuko wa hewa ndani ya mkanda uwe na upana wa karibu asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Mkanda mdogo mno hupandisha namba na mkubwa mno huishusha. Kosa la kawaida kabisa ni kumfunga kijana mkanda wa mtoto kwa kuwa ndio uliobaki.

5. Mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa kijiti, mara mbili kwa wiki, na uwiano wa protini na kreatinini maabara mara moja kwa wiki. Alama moja ya protini ni takriban 30 mg/dL, mbili ni 100, tatu ni 300. Kopo la vijiti likiachwa wazi kwenye joto na unyevunyevu wa pwani, vijiti huharibika kabla ya tarehe yake.

6. Bonyeza chini ya mbavu za kulia kwa upole na uulize. Mtoto asiyeweza kueleza utamjua kwa kukunja uso au kukataa kulalia upande huo.

Ini likianza kuziba

VOD mara nyingi huja ndani ya siku 21 za kwanza, ingawa kwa watoto hasa inaweza kuchelewa. Kwa mtu mzima, vigezo vya kawaida ni bilirubini kufika 2 mg/dL (mikromoli 34 kwa lita) pamoja na mawili kati ya haya: ini lililovimba na kuuma, uzito kupanda zaidi ya asilimia 5, na maji tumboni. Kwa mtoto, usisubiri macho ya njano. Vigezo vya Ulaya vya 2018 vya watoto vinaruhusu kumtambua hata bilirubini ikiwa ya kawaida, akiwa na mawili kati ya matano: platileti zinazomezwa kila zikiongezwa bila sababu nyingine, uzito kupanda siku tatu mfululizo licha ya dawa ya kukojoza au kuvuka asilimia 5, ini kukua, maji tumboni, na bilirubini kupanda siku tatu mfululizo au kufika 2 mg/dL ndani ya saa 72.

Dalili inayokuja mapema ambayo wengi huipuuza ni hiyo ya platileti. Pima dakika 10 hadi 60 baada ya kuongeza. Mfuko ukiisha na namba haijasogea mara mbili mfululizo, huku uzito ukipanda gramu mia mbili mia tatu kila siku, mpigie daktari wa upandikizaji usiku huo huo. Kuongeza mfuko mwingine na kusubiri asubuhi ni kupoteza saa ambazo zina thamani.

Ultrasaundi ya Dopla ifanywe, lakini isomwe kwa akili. Damu ya mshipa mkuu unaoingiza damu kwenye ini kurudi nyuma ni dalili ya kuchelewa. Picha safi haiondoi VOD kwa mgonjwa ambaye mizani na tumbo lake vinasema vingine.

Matibabu huanza na maji: punguza chumvi kwenye dripu, changanya dawa kwenye ujazo mdogo unaoruhusiwa, toa furosemaidi, dawa ya kukojoza, kwa kiasi. Ukimkausha kwa nguvu, figo zinakosa damu na unaongeza ugonjwa wa pili. Maji ya tumbo yakimbana pumzi hutolewa polepole. VOD kali inayofuatana na viungo vingine kushindwa kazi, isipotibiwa, huua zaidi ya 8 kati ya wagonjwa 10. Dawa yenye ushahidi ni defibrotaidi, miligramu 6.25 kwa kilo kila saa 6, ikipita kwa saa 2, kwa angalau siku 21. Kwa yule mtoto wa kilo 24 ni miligramu 150 kila mara. Kichupa kina miligramu 200 katika mililita 2.5, kwa hiyo anavuta karibu mililita 1.9 na kuzichanganya na maji ya chumvi au ya glukosi hadi ujazo wa kati ya mililita 7.5 na 37.5, kupitia kichujio cha mikroni 0.2. Mtiririko wa dawa nyingine yoyote kwenye njia hiyo usimamishwe, na njia isafishwe kabla na baada. Isitolewe pamoja na heparini ya kutibu au dawa nyingine za kuyeyusha damu, na isimamishwe angalau saa 2 kabla ya kuchomwa au kupasuliwa popote, kwa sababu huongeza kutoka damu.

Ni dawa ghali, na hospitali nyingi za kwetu hazina akiba yake. Jambo la kuuliza kabla ya kupandikiza, si baada, ni hili: ikihitajika, itatoka wapi na itafika baada ya saa ngapi? Kuitoa kama kinga kwa kila mgonjwa hakukuthibitika kusaidia kwenye jaribio kubwa lililochapishwa 2023, kwa hiyo familia isibebeshwe gharama hiyo kwa hofu tu.

Presha, protini na LDH

TMA ndiyo inayokosewa zaidi, na mara nyingi hutokea ndani ya siku 100 za kwanza, muda ambao wengine tayari wamerudishwa nyumbani. Vitu vitatu huitangulia kwa siku kadhaa, hata wiki mbili: presha inayopanda hadi kuhitaji dawa ya pili, protini kwenye mkojo, na LDH inayokwea. Tatizo ni kwamba kila kimoja kina maelezo yake ya haraka. Presha tunaisingizia takrolimasi (dawa ya kuzuia GVHD) au steroidi. Protini tunasema ni maambukizi ya kibofu. LDH tunasema sampuli imeharibika. Kila kimoja kikielezwa peke yake, ugonjwa unaponyoka. Vikitokea pamoja ndani ya wiki moja, viwekwe kwenye karatasi moja na kutazamwa kama jambo moja.

LDH kweli huharibiwa na uchukuaji mbaya. Mpira wa kufungia mkono ukikaa zaidi ya dakika moja, au damu ikisukumwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, seli hupasuka ndani ya chupa. Angalia potasiamu ya sampuli hiyo: ikiwa nayo imeruka ghafla, rudia. LDH ikiwa juu na potasiamu ikiwa tulivu, iamini.

Kinachofuata ni slaidi ya damu. Mwombe mtaalamu wa maabara aitengeneze mara damu ifikapo, maana damu iliyokaa saa nyingi kwenye chupa hubadilisha maumbo ya seli, na amwambie daktari kama anaona vipande vya seli nyekundu vyenye ncha kama kofia ya jeshi. Kukosekana kwa vipande siku ya kwanza hakufungi jalada. Rudia baada ya siku mbili. Kipimo cha Kumsi (Coombs), kinachotafuta kingamwili zilizoshika seli nyekundu, kiwe hasi. Kikiwa chanya, huenda ni kingamwili zinazovunja damu, hasa kama kundi la damu la mchangiaji ni tofauti na la mgonjwa, na matibabu yake ni mengine. Makubaliano ya wataalamu yaliyochapishwa 2023 hutaka mambo 4 kati ya 7 yaonekane mara mbili mfululizo ndani ya siku 14: upungufu wa damu, platileti kushuka, LDH juu, vipande vya seli, presha juu (140/90 kwa mtu mzima), uwiano wa protini wa 1 mg/mg au zaidi, na kipimo cha sC5b-9, kinachoonyesha komplimenti (protini za kinga zilizo kwenye damu) zimeamshwa. Hiki cha mwisho hakipatikani sehemu nyingi, nacho kisikuzuie, kwani manne yanaweza kupatikana bila hicho.

Utumbo nao hushikwa. Mgonjwa anayetibiwa GVHD ya tumbo, anayeharisha damu na maumivu yanazidi licha ya steroidi, achunguzwe kama ana TMA kabla ya kuongezewa dawa za kupunguza kinga.

Hatua ya kwanza ya tiba ni kutazama takrolimasi au saiklosporini, hasa ikiwa pamoja na sirolimasi, zote dawa za kuzuia GVHD. Timu inaweza kuipunguza au kuibadilisha. Kuikata bila kitu cha kushika nafasi yake ni kuikaribisha GVHD, ambayo nayo huchochea TMA. Sababu nyingine zitafutwe na kutibiwa, virusi vya CMV na adenovirusi vikiwa mbele. Presha ishushwe hadi chini ya 130/80 kwa mtu mzima, mara nyingi kwa amlodipini. Kwa wagonjwa walio hatarini zaidi kuna ekulizumabu, inayozuia komplimenti. Anayeipata lazima apewe kinga ya antibayotiki dhidi ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo muda wote, kwa kuwa chanjo haishiki vizuri kwa mtu asiye na kinga bado.

Kiwango cha takrolimasi kina mitego miwili. Damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kumeza dozi, takriban saa 12 tangu ile ya jioni. Na kama dawa inapita kwenye dripu, damu isitolewe kwenye tundu lile la katheta (mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa) ambalo dawa ilipitia, maana dawa hunata kwenye plastiki na namba itatoka kubwa ya uongo.

Kichwa

Kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kuchanganyikiwa au degedege kwa mgonjwa mwenye presha iliyopanda ni dharura ya ubongo, na mishipa yake ndiyo inayovuja. Pima presha na magnesiamu hapo hapo, na daktari aamue juu ya takrolimasi. Degedege ikihitaji dawa ya kuendelea nayo, levetirasetamu inafaa kuliko fenitoini, ambayo hushusha takrolimasi. Watoto wa selimundu wako hatarini zaidi hapa. Vituo vyao huweka platileti zisishuke chini ya elfu 50 kwa mikrolita, himoglobini kati ya 9 na 11 g/dL, na huwapa levetirasetamu kama kinga. Himoglobini zaidi ya 11 kwao si neema. Damu inakuwa nzito.

Kuvuja na mapafu

Uzito ukipanda zaidi ya asilimia 3 ndani ya saa 24, presha ikishuka, albumini (protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa) ikiwa chini na furosemaidi ikigoma kufanya kazi, maji yako nje ya mishipa. Kuongeza dripu kubwa kunajaza mapafu. Homa ya 38.3 au zaidi na upele mpana wakati chembe nyeupe zinaanza kupanda huweza kuwa mwili ukipokea seli mpya kwa kishindo, na steroidi husaidia haraka, lakini antibayotiki zianze kwanza. Pumzi kubana na oksijeni kushuka kunaweza kuwa damu inayovuja mapafuni hata kama makohozi hayana hata tone la damu.

Mkono au shingo ikivimba upande wa katheta, usivute katheta. Agiza ultrasaundi, kwa sababu huenda mshipa umeziba.

Nyumbani: kitu gani kisimezwe

Takrolimasi na saiklosporini hugombana na dawa nyingi za duka la karibu. Erithromaisini na klarithromaisini huzipandisha, na kadhalika flukonazo na vorikonazo: anayeanzishwa vorikonazo kwa kawaida hupunguziwa takrolimasi hadi theluthi. Rifampisini ya kifua kikuu huzishusha vibaya. Balungi huzipandisha pia. Diklofenaki na ibuprofeni zisiguswe, kwa ajili ya figo na platileti, wala sindano za kwenye msuli bila kujua platileti ni ngapi.

Kuhusu majani ya kuchemsha, ndugu akija na chupa kwa nia njema, apokelewe kwa heshima na chupa iwekwe pembeni. Jamii ya mimea ya Crotalaria, inamotoka marejea na mboga ya mitoo, ina spishi zenye sumu inayoumiza vijishipa vile vile vya ini. Nchini Jamaica katika miaka ya 1950 madaktari waliueleza ugonjwa huu kwa watoto walionyweshwa chai ya majani ya porini. Kwa miezi hii mboga iwe mchicha au sukuma wiki, iliyopikwa ikaiva.

Mgonjwa atembee na barua yenye: tarehe ya siku sifuri, uzito wa kuanzia, kundi lake la damu na la mchangiaji, dawa anazomeza na kiwango cha mwisho cha takrolimasi, agizo kwamba damu na platileti anazoongezewa zipigwe mionzi kwanza, na simu ya timu inayopokelewa usiku. Arudi hospitali siku hiyo hiyo uzito ukipanda kilo moja ndani ya siku mbili (nusu kilo kwa mtoto mdogo), presha ikivuka kikomo alichoandikiwa mara mbili ndani ya saa moja, mkojo ukipungua au kutoa povu, macho yakiwa ya njano, au madoa mekundu yakitokea miguuni. Kituo cha karibu kikimpokea, vipimo vya kuomba usiku ule ni picha kamili ya damu pamoja na slaidi, LDH, bilirubini, kreatinini na mkojo. Hospitali nyingi za mkoa au kaunti zinaweza kuvitoa.